Tusinunue Skrini, Tununue Kompyuta



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi,

Kila muhula wa masomo unapokaribia, swali moja huzunguka katika nyumba zetu za Nyamityobora, na huzunguka vilevile kwa ndugu zetu wa Nakivale, kuanzia Base Camp mpaka Juru na Rubondo: tumnunulie kijana laptopu gani? Na kwa miaka hii ya karibuni vijana wenyewe hutuletea jibu moja. Wanataka ile nyembamba, nyepesi, iliyokuwa ya ofisi huko Ulaya au Marekani, ambayo skrini yake inaguswa kwa kidole kama simu.

Sisi tunazo laptopu hizo. Zimo majumbani mwetu, tumezifanyia kazi za chuo, tumeziwekea hesabu za duka, watoto wamezisomea masomo ya mtandaoni, na tumezipeleka kwa fundi. Kwa hiyo tumeona ni vyema kusema tuliyoyaona, maana fedha inayotoka hapa si ndogo. Kwa familia ya Nakivale, laptopu moja inaweza kuwa ni mbuzi kadhaa, au zamu nzima ya mchezo wa akina mama, au fedha aliyotuma ndugu kutoka ng'ambo ambayo haitarudi tena mwaka huo. Ikiharibika baada ya miezi minne, hakuna ya pili.

Maoni yetu kwa ufupi ni haya. Laptopu hizi za kibiashara ni vyombo vizuri, na tunashauri zinunuliwe. Lakini skrini ya kugusa isiwe ndiyo sababu ya kununua. Hiyo ndiyo inayoiuza laptopu dukani, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuleta gharama nyumbani. Mambo yatakayoamua kama mtoto atafika mwisho wa chuo na kompyuta yake hayaonekani kwa macho: umri wa prosesa, afya ya betri, ukubwa wa memori, na kama kampuni iliyokuwa nayo mwanzo imeiachilia kweli.

ZIMETOKA WAPI?

Jina "ultrabook" lilitangazwa na kampuni ya Intel mwaka 2011, katika maonyesho ya kompyuta ya Computex huko Taipei. Makusudio yalikuwa laptopu nyembamba, nyepesi, inayowaka haraka na kukaa na chaji muda mrefu. Mwezi wa Oktoba 2012 Microsoft wakatoa Windows 8, mfumo uliotengenezwa makusudi ili uguswe kwa vidole. Kisha mwaka 2013 Intel wakaweka sharti kwamba laptopu yoyote yenye prosesa ya kizazi cha nne, ikiwa inataka kuitwa ultrabook, lazima iwe na skrini ya kugusa.

Basi tuelewe hapo. Skrini ya kugusa iliingia kwenye laptopu nyingi kwa sababu ya masharti ya jina na ya soko. Haikuwa kwamba mhasibu au mwanasheria alilalamika kuwa hawezi kufanya kazi bila kugusa kioo. Tena ina uzito wake. Chukua mfano wa ThinkPad X1 Carbon ya mwaka 2012: ile ya kawaida ilikuwa na kilo 1.36, na ile ya kugusa kilo 1.54. Tofauti hiyo mwanafunzi anaibeba mgongoni kila siku.

Makampuni makubwa ya nje hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Zile za zamani huuzwa kwa jumla, husafishwa, nyingi hupitia Dubai, zikafika Kampala na hatimaye Mbarara. Ndiyo maana madukani tunakuta ThinkPad, Latitude na EliteBook nyingi kuliko laptopu mpya. Na hapa Mbarara si mwisho wa safari. Ile ambayo mtu wa mjini ameichoka, au imeanza kumsumbua, huuzwa tena, na mara nyingi mnunuzi wake wa mwisho ni kijana wa Nakivale, maana ndiye mwenye fedha kidogo. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

WEMA WAKE

Tuseme haki kwanza. Laptopu ya kibiashara imetengenezwa ifanye kazi kutwa nzima. Bawaba zake ni ngumu, kibodi yake inaandikika vizuri, na nyingi zimejengwa kwa madini mepesi au nyuzi za kaboni badala ya plastiki tupu. Vipuri vyake vinapatikana, kwa sababu ziliuzwa kwa wingi mno duniani. Watengenezaji wengi wameweka vitabu vya ufundi mtandaoni bila malipo, na fundi anayejua kusoma anaweza kufungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ya kawaida akabadilisha betri au feni. Ukiilinganisha na laptopu mpya ya bei ileile, yenye prosesa dhaifu na mwili wa plastiki, ile ya kibiashara huishi zaidi. Hilo tumelishuhudia.

Na skrini ya kugusa nayo ina faida yake, hatukatai. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu anakuza maandishi kwa vidole viwili na kusoma bila taabu. Mtoto mdogo anayejifunza herufi anagusa bila kufundishwa mausi. Zile zinazokunjwa nyuma kabisa zikawa kama kibao ni nzuri kwa kusomea vitabu, na zile zinazokuja na kalamu yake humsaidia mwanafunzi wa sayansi kuchora michoro. Anayejua kwa hakika kwamba ataitumia hivyo, na anunue. Lakini wengi wetu, baada ya wiki mbili za kuwaonyesha jirani, tulirudi kwenye kibodi na mausi, na skrini ikabaki inafutwa alama za vidole tu.

TULIYOYAPATA KWENYE SKRINI

Skrini ya aina hii ina kioo cha juu chenye nyuzi nyembamba mno zinazopitisha umeme, zisizoonekana. Kidole kikigusa, umeme wa pale hubadilika kidogo na kompyuta inajua umegusa wapi. Kwenye laptopu nyingi nyembamba, kioo hiki kimegandishwa kabisa na skrini ya ndani. Maana yake ni kwamba kioo kikipasuka, hubadilishi kioo peke yake. Unabadilisha vyote pamoja, na wakati mwingine mfuniko mzima wa juu. Gharama yake ni kubwa kuliko ile ya skrini ya kawaida, na kipuri hakipo Mbarara, lazima kiagizwe Kampala. Na kinapasuka kirahisi: kalamu ikisahaulika juu ya kibodi mtu akafunga mfuniko, basi.

Tatizo la pili ni skrini kujibonyeza yenyewe. Unaandika, ghafla ukurasa unaruka, programu zinafunguka, maandishi yanafutika, kama kwamba kuna mtu asiyeonekana anakushindania. Wengine walidhani ni virusi, wengine wakasema ni husda. Sababu zake ni za kawaida: ufa mdogo pembeni, unyevu ulioingia, au chaja ya bandia inayotoa umeme usiotulia. Ikikutokea, kwanza chomoa chaja. Ikitulia, ujue ugonjwa uko kwenye chaja. Isipotulia, unaweza kuuzima mguso kabisa na kuendelea na kazi zako: fungua "Device Manager", nenda kwenye "Human Interface Devices", tafuta "HID-compliant touch screen", kisha uchague "Disable device". Haina gharama yoyote. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa ameambiwa na fundi anunue skrini mpya. Akauzima mguso, na ametumia laptopu hiyohiyo mpaka amemaliza mitihani.

La tatu ni jua. Kioo cha skrini za kugusa kwa kawaida kinang'aa, na ukikaa nje mchana, kama wengi wanavyosoma Nakivale kwa kufuata mwanga na mtandao, kinakuwa kioo cha kujitazamia. Unajiona wewe, huoni somo.

UMRI WA PROSESA

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Muuzaji atakwambia "hii ni i5", na kweli ni i5. Lakini i5 ya mwaka 2012 na i5 ya mwaka 2020 zinafanana jina tu. Soma namba inayofuata. Ikiandikwa i5-3427U, ni kizazi cha tatu. Ikiandikwa i5-7200U, ni cha saba. Ikiandikwa i5-8250U, ni cha nane, na i5-10210U ni cha kumi.

Kwa nini kizazi cha nane ndicho mpaka? Kwa sababu Microsoft walipotoa Windows 11 mwezi wa Oktoba 2021, walitaka kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, karibu prosesa zote za kabla ya kizazi cha nane waliziacha nje. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 wakasimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Watu binafsi waliweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja wa nyongeza tu, mpaka Oktoba 2026.

Sasa tufikiri pamoja. Makampuni mengi ya nje yaliyokuwa na laptopu za kizazi cha sita na cha saba yaliona afadhali kuziacha. Kitu kilichoachwa huko hutafuta soko, na soko lake ni sisi. Si haramu kuzinunua, na si mbovu. Lakini bei yake lazima ionyeshe kwamba ziliachwa, na mnunuzi lazima aambiwe.

Na tahadhari: kuiona Windows 11 inawaka kwenye skrini si ushahidi. Zipo njia za kuisakinisha kwa nguvu kwenye kompyuta isiyokubalika, na Microsoft hawakutoa dhamana kwamba kompyuta kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Soma namba ya prosesa, usisome picha ya ukutani.

BETRI NA UMEME WETU

Mtengenezaji aliyeandika "saa kumi za chaji" aliandika habari za betri mpya. Betri ya laptopu iliyotumika miaka mitano ni habari nyingine. Hapa kuna kipimo ambacho kila mzazi anaweza kumwomba muuzaji akifanye mbele yake, na hakichukui hata dakika mbili. Katika dirisha la amri andika "powercfg /batteryreport". Kompyuta itatengeneza ripoti. Tazama namba mbili: "Design capacity", yaani uwezo betri ilipokuwa mpya, na "Full charge capacity", yaani uwezo wake sasa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 20,000, betri imebaki na asilimia 40. Kompyuta inayotumia wati 10 ingekaa saa tano ilipokuwa mpya, na sasa itakaa mbili. Ipige bei kwa hesabu hiyo, au uulize betri mpya ni kiasi gani kabla ya kutoa fedha.

Kwa ndugu zetu wanaotegemea sola, hesabu ni kali zaidi. Tuseme betri ya laptopu ni wati-saa 50. Ukiichaji kupitia inveta, sehemu ya umeme hupotea njiani kwa joto, hivyo utatoa karibu wati-saa 65 hadi 70 kwenye betri ya sola. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240, na kama ni ya risasi haifai kuikamua zaidi ya nusu, yaani 120. Basi unayo chaji moja na robo tatu hivi, na taa za nyumba bado hazijawashwa.

Ndiyo maana tunasema, kwa mtu wa Nakivale, tundu la USB-C linalopokea chaji lina thamani kubwa kuliko skrini ya kugusa. Laptopu nyingi za kibiashara zilianza kuchajiwa kwa tundu hilo kuanzia mwaka 2017 hivi. Laptopu kama hiyo unaweza kuichaji moja kwa moja kutoka betri ya volti 12 kwa chaja ya gari iliyo na nguvu ya kutosha, bila inveta, na umeme unaopotea ni mchache zaidi. Chaja ikiharibika pia, hutafuti pini ya aina yake peke yake.

Tena, nyingi ya laptopu hizi zina mpangilio wa kusimamisha chaji ikifika asilimia 80. Anayekaa penye umeme kutwa na auwashe, betri itaishi zaidi. Na ukiona padi ya kugusa imeinuka au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba. Izime, usiitoboe, usilale nayo chumbani, mpelekee fundi.

MEMORI NA KUFULI LA KAMPUNI

Ili ziwe nyembamba, nyingi ya laptopu hizi zimechomelewa memori moja kwa moja kwenye bodi. X1 Carbon tuliyoitaja ilikuja na memori ya GB 4 au 8, na uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Muuzaji anayesema "utaongeza baadaye" aulizwe: aongeze wapi? Kwa mwanafunzi wa leo tunaona GB 8 iwe ndiyo ya chini, na 16 ikipatikana ni bora. Diski ya SSD kwa kawaida inabadilishika, kwa hiyo usiache kompyuta yenye memori kubwa kwa sababu tu ya diski ndogo.

Jambo linalouma zaidi ni kufuli. Kompyuta ya ofisi ilikuwa chini ya amri ya ofisi. Baadhi huuzwa zikiwa bado na nenosiri la BIOS, au bado zimeandikishwa kwenye mtandao wa kampuni ya kwanza. Dukani inawaka vizuri kabisa. Miezi sita baadaye mtoto anaisafisha upya, anaiunganisha na intaneti, na skrini inamkaribisha kwa jina la kampuni ya nchi asiyoijua, inamtaka aingie kama mfanyakazi wao. Hawezi. Fedha imekwenda. Kinga yake ni hii: kabla ya kulipa, omba kompyuta irudishwe mwanzo kabisa, iunganishwe na intaneti palepale dukani, na uone inauliza nini. Kisha izimwe, uingie BIOS, uone kama inadai nenosiri. Inachukua saa nzima. Kaa usubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jambo dogo ni kibodi. Zitokazo Ujerumani na Ufaransa herufi zake zimepangwa tofauti, na wauzaji hubandika stika juu yake, ambazo huchubuka. Lakini wapo ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, ambao mpangilio wa AZERTY ndio waliouzoea. Kwao hiyo si kasoro, ni nafuu, na wanaweza kuipata kwa bei ya chini kwa sababu wengine hawaitaki.

AMANA YA MUUZAJI, NA MUUZAJI NI NANI?

Ndugu wasomaji, dini yetu haikuliacha jambo hili wazi. Tunajua sote kisa kilichopokewa na Imam Muslim, cha Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipopita sokoni kwa muuzaji wa nafaka, akaingiza mkono wake ndani ya rundo na kukuta unyevu. Yule muuzaji alieleza kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, na likafuata onyo kali juu ya anayedanganya. Hakuulizwa kwa nini mvua imenyesha. Aliulizwa kwa nini ameificha.

Basi betri iliyochoka si dhambi ya muuzaji. Ni mvua tu. Prosesa ya kizazi cha sita si dhambi. Dhambi ni kuiweka chini ya rundo, na juu yake kuweka skrini inayong'aa inayoguswa kwa kidole. Tunawaomba wafanyabiashara wetu, na wengi wao ni watu wa swafu ya kwanza, waandike kikaratasi kimoja kwa kila laptopu: kizazi cha prosesa, memori na kama inaongezeka, asilimia ya betri, mguso unafanya kazi au la, imefunguliwa kutoka kampuni ya kwanza au la, na dhamana ni ya siku ngapi. Mistari sita tu. Atakayefanya hivyo hatakosa wateja, bali tutampelekea.

Wapo watakaosema: maskini hachagui, mwacheni anunue anachoweza. Sisi tunasema maskini ndiye anayepaswa kuchagua kwa makini kuliko wote. Mwenye uwezo akikosea atanunua nyingine. Anayeishi Nakivale, ili airudishe laptopu dukani, atalipa nauli ya kuja Mbarara na kurudi, siku nzima imekwenda, na akiambiwa aje wiki ijayo, atalipa tena. Nauli mbili tatu ni sehemu kubwa ya bei ya betri mpya. Rahisi ni ghali.

Na hapa tunarudi kwenye lile tulilolitaja. Laptopu hii imepita mikono mingi: kampuni ya Ulaya, mnunuzi wa jumla, Dubai, Kampala, Mbarara. Kila mkono ukificha jambo moja dogo, yote huangukia kwa wa mwisho, na wa mwisho ni mkimbizi aliyekuja na begi moja. Makazi ya Nakivale yamepokea watu tangu mwaka 1958: Wanyarwanda, Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia, na wengi wao ni ndugu zetu katika swafu. Nasi wa Nyamityobora ndio mkono wa kabla ya mwisho. Ile laptopu tunayomuuzia kijana wa Rubondo ili tununue mpya, je, tumemwambia kwamba skrini hujibonyeza chaja ikichomekwa? Tunawasema wauzaji wa madukani, na ni haki kuwasema, lakini siku hiyo muuzaji ni sisi.

TUNAPENDEKEZA NINI?

1. Tununue kwa pamoja. Familia tano zikienda dukani siku moja na fundi mmoja mwaminifu, gharama ya fundi inagawanyika, na muuzaji anayejua kuwa wateja watano wanamtazama hupunguza maneno.

2. Tupange vipaumbele hivi: kwanza prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, pili memori, tatu betri, nne tundu la USB-C linalopokea chaji, tano kibodi. Skrini ya kugusa iwe ya mwisho. Kama mashine mbili zinalingana kwa yote na bei ni moja, chukua isiyo na mguso.

3. Tuchukue risiti yenye namba ya mashine na siku za dhamana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na laptopu bila risiti ni hivyohivyo. Risiti hiyo pia itakusaidia ukiulizwa umeipata wapi.

4. Aliye nayo ya zamani asiitupe. Mifumo ya Linux Mint na Ubuntu ni ya bure, ni halali kuitumia bila kuiba leseni, na hufanya kazi vizuri kwenye prosesa za kizazi cha nne au cha tano. Kuandika, kusoma, intaneti, hesabu za duka, vyote vinawezekana. Lakini mwanafunzi akiulize chuo chake kwanza, maana baadhi ya programu za masomo na mitihani hudai Windows.

5. Anayeuza aseme. Kwa mdomo na kwa maandishi.

Enyi vijana wetu, tunajua laptopu ya kugusa inapendeza mbele ya wenzenu bwenini. Hatuwalaumu. Lakini baba aliyeuza mbuzi, na mama aliyetoa zamu yake ya mchezo, hawakununua kioo cha kuonyesha watu. Walinunua miaka mitatu ya masomo yenu. Wasaidieni waipate, kwa kusoma ile namba ndogo inayofuata neno i5 kabla ya kugusa chochote.

Tunamuomba Allah azibariki biashara zetu kwa ukweli, awafanyie wepesi wanafunzi wetu wa mjini na wa makazi ya wakimbizi, na asitufanye sisi kuwa sababu ya hasara ya ndugu yetu. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.